Kaka wa Kuazima

Beni, Jumatatu, 11 Januari 1965

Amekubali! Kavira amekubali! Ilikuwa juzi, sokoni Butembo, saa nne na dakika kumi asubuhi. Alikuwa anapima viazi vyake vya Alimbongo. Nikamwuliza kama atakubali kuwa mke wangu. Akanitazama. Akaitazama mizani. Akasema ndiyo, kisha akauliza kama bado nataka kilo mbili. Nilichukua nane. Sijui nitazila lini.

Sasa yamebaki mambo ya mpango tu. Ndoa ifungwe kabla ya Jumatano ya Majivu, tarehe 3 Machi, maana padri hafungishi ndoa wakati wa Kwaresima. Kabla ya hapo, tangazo kanisani Jumapili tatu. Muda upo. Tena mimi ni karani wa daftari la raia katika ofisi ya serikali ya teritwari. Ndoa mia mbili na kumi na nne zimepita chini ya kalamu yangu. Hatua za kwanza nazijua kuliko mtu yeyote: karatasi, muhuri, sahihi. Siku nne zitatosha.

Jumatano, 13 Januari

Nimerudi kutoka Butembo. Sielewi.

Nilimwambia mkuu wangu kwamba jino linaniuma, nikapanda lori la kahawa. Saa sita nilikuwa kwa Papa Mathe, baba yake Kavira, mfanyabiashara wa maharagwe, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Nilikuwa na faili la kurasa tisa: cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha tabia njema, hata cha chanjo ya ndui. Mihuri kumi na mmoja! Papa Mathe alinipa kiti. Akachungulia nyuma yangu, mlangoni. Tukangoja. Mwishowe akauliza kama wenzangu bado wanashuka kwenye lori. Nikasema sina wenzangu, nimekuja kuposa mwenyewe. Faili akaliweka chini bila kulifungua.

"Mon fils, mwanangu," akasema, "mutu hapana kujiombea bibi yeye mwenyewe. Ni sawa na mutu mwenye kujizika."

Nilitaka kusema ukweli. Baba yangu alikufa Luluabourg, mwaka wa fujo. Mama yuko Bakwanga. Barua yake ya mwisho ilifika mwezi wa tano, kabla waasi hawajafunga njia, na tangu hapo hata salamu. Kaka sina. Dada sina. Lakini Xavier alikuwa amekaa pale pale! Xavier, mwalimu wa Lubero, mwenye baiskeli. Eti alipita kusalimia. Kusalimia gani, na mama yake, na wajomba watatu, wote na kofia, na kikapu cha njegere? Akaniuliza taratibu kama kwetu Kasai watu huota peke yao, kama uyoga.

Nikasikia kinywa changu kikisema kwamba kaka yangu mkubwa anakuja Jumapili.

Ijumaa, 15 Januari

Kaka anatafutwa.

Valère, karani mwenzangu, amekataa. Anasema anajulikana Butembo. Sababu za kujulikana hakutaka kuzitaja. Dereva wa teritwari amekataa kwa sababu ananizidi miaka miwili tu na anaonekana mdogo wangu. Jioni nikampata Josaphat, sajini wa stoo ya kambi. Miaka thelathini na minane, tumbo la heshima, sauti ya kanisani. Mtu kamili! Kasoro moja: kwao ni Bas-Congo. Kiluba, lugha ya kwetu, hajui hata neno la kuombea maji. Nikamwambia hakuna wa kumpima. Alitaka kujua kama kutakuwa na kuku. Nikasema atakuwepo.

"Basi mimi ni kaka yako tangu zamani," akasema.

Nimemfundisha jina la baba, la mama na la kijiji. Ameyaandika kwenye kiganja kwa wino wa stoo.

Jumapili, 17 Januari

Kwenye kizuizi cha askari, katikati ya njia, Josaphat alishuka, akanguruma, gogo likainuliwa. Faida ya kwanza ya kuwa na kaka.

Chakula: kuku, sombe ya majani ya mihogo, bugali, maharagwe. Josaphat alisema vizuri. Vizuri mno. Alisimulia utoto wetu: mto, mbwa mwenye sikio moja, mama akitukimbiza na mwiko. Alinitupia maneno kwa Kikongo, nikamjibu kwa Kiluba. Hakuna aliyemwelewa mwenzake. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Kwa dakika kumi hivi nilimkumbuka kabisa yule mbwa.

Kisha Papa Mathe akauliza swali nisilolitarajia: mimi ni mtoto wa ngapi. Hapa kwao watu hawaulizani. Jina linasema: mwana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Jina langu, Kalala, haliwaambii kitu. Nikajibu upesi, kwa unyenyekevu: Josaphat wa kwanza, mimi wa pili. Mama Godelive, mama yake Kavira, akamwuliza Josaphat bibi yake amebaki na nani. Josaphat, mdomo umejaa kuku, akasema ukweli. Hana bibi. Hajawahi.

Kijiko cha Mama Godelive kikasimama hewani.

"Sasa mudogo atapita mukubwa kwa mulango?" akauliza. "Apite wapi? Juu ya kichwa yake?"

Donc, basi, siwezi kuoa mpaka Josaphat aoe. Kavira, ambaye anajua vizuri kwamba sina kaka, alikuwa anakusanya sahani. Hakunitazama. Alizikusanya kwa kelele.

Jumanne, 19 Januari

Nimepata dawa! Cheti cha ndoa. Josaphat na Émérance, Matadi, 1958. Émérance hajawahi kuwepo duniani, lakini karatasi ipo, na muhuri upo. Tutasema Josaphat aliona haya kumtaja mbele ya wakwe, maana vita imemtenganisha naye na kumtaja kunamwumiza. Nzuri sana hiyo. Mimi mwenyewe ilinigusa.

Nilimpelekea Josaphat cheti stoo. Akakisoma mara mbili. Akasema Émérance anaonekana mwanamke mwema, lakini hamtaki. Kwa nini? Kwa sababu Jumapili alimwona Antoinette.

Antoinette! Binti wa marehemu kaka yake Papa Mathe, aliyelelewa nyumbani pale pale. Anashona nguo misioni. Miaka thelathini, ulimi kama sindano. Alipomletea Josaphat maji ya kunawa alimwambia kwamba koti lake lina vifungo vitano vya jeshi na kimoja cha pajama. Josaphat anasema hakuna mwanamke aliyewahi kumtazama kwa makini namna hiyo.

Jumatatu, 25 Januari

Jana Josaphat alikwenda Butembo bila mimi! Na kofia yangu! Papa Mathe alimpokea. Wamezungumza. Wamekubaliana. Mbuzi kumi na wawili.

Josaphat hana mbuzi. Mimi nina mbuzi kumi na wawili. Nimewalea miaka miwili nyuma ya nyumba yangu, kila mmoja na jina la mwezi wake ili nisiwachanganye. Papa Mathe anaona jambo liko wazi: mbuzi wa ndugu ni zizi moja, na mkubwa ndiye anaanza. Siwezi kukataa bila kusema kwamba mkubwa si mkubwa.

Nimefikiri mchana kutwa. Mbuzi wataingia kwa Papa Mathe. Papa Mathe ndiye mkwe wangu. Donc mbuzi watakuwa wameingia kwa mkwe wangu. Sehemu kubwa ya ndoa yangu itakuwa imekwisha! Valère anasema kuna kitu hakikai sawa katika hoja hiyo, ila hawezi kusema ni kipi. Ni wivu.

Jumapili, 31 Januari

Mbuzi wamekwenda.

Wazee walimfungua kila mmoja kinywa. Agosti huchechemea kidogo; Antoinette mwenyewe aliamuru atembezwe tena, polepole, upande wa jua. Septemba alilia na kunitazama mpaka mlango ukafungwa. Kisha ikaja kasiksi, pombe yao ya ndizi, vibuyu vinne. Josaphat alinikumbatia mbele ya watu, akaniita leki, mdogo wake. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Yangu pia, lakini kwa ajili ya Septemba.

Nilikuwa nangoja zamu yangu. Papa Mathe akasimama. Akasema kuanzia leo nyumba mbili ni moja. Akanigeukia: mimi sasa ni mtoto wa nyumba, na Kavira ni dada yangu. Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Nikauliza maana yake. Mama Godelive akanieleza pole pole, kama anavyoelezwa mgonjwa wa homa. Ndugu wawili hawatoi wake katika nyumba moja. Siku nyumba ikigombana, nani atakuja kusuluhisha, ikiwa wote wamo ndani?

Xavier alikuwepo. Alinipa pole. Akataka pia kujua, kwa kuwa sasa mimi ni kaka yake Kavira, ninamwonaje yeye.

Kavira alinivuta nyuma ya ghala la viazi.

"Kalala, weye ni mutu wa karatasi mingi na akili kidogo. Mpaka siku ya Ijumaa utasema kweli kwa papa. Kama hapana, mimi nitasema. Na kisha nitaolewa na baiskeli ya Xavier."

Nimefikiri njia nzima ya kurudi Beni. Sijajua kama ule ulikuwa mzaha.

Jumatano, 3 Februari

Kuna njia ya kuepuka kusema. Ugomvi! Ndugu wakigombana hadharani na kukanana, wanaacha kuwa ndugu, na mlango unafunguka. Ni jambo la dakika tano. Nilikwenda stoo kumwomba Josaphat anikane Ijumaa, mbele ya wakwe, kwa sauti kubwa. Anitukane kidogo, ikibidi.

Amekataa! Anasema hawezi kumkana mdogo wake wa pekee. Nikamkumbusha kwamba mimi si mdogo wake. Akanitazama kwa huzuni nyingi, akasema hata mama yetu angeumia.

Akanipa makopo mawili ya sardini, nipate nguvu.

Ijumaa, 5 Februari

Nimesema.

Nilisimama mbele ya Papa Mathe na Mama Godelive, nikasema yote: Bas-Congo, kiganja, wino, mbwa. Kavira alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, akihakikisha siruki kitu. Nilipomaliza nikainamisha kichwa. Mabega ya Papa Mathe yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Anacheka! Wote wanacheka! Walijua tangu Jumapili ya kwanza. Josaphat aliniomba chumvi, nikampa, akanishukuru, merci, nikasema si kitu.

"Batoto ba tumbo moja," alisema Mama Godelive akijipangusa macho, "hapana kuambiana merci juu ya chumvi. Banapokonyana!"

Nikauliza kwa nini basi walinyamaza. Papa Mathe akasema mtu akijitwika uongo huachwa nao. Ukimchosha atautua mwenyewe. Na mbuzi wangu? Ah, mbuzi ni jambo lingine. Sajini anamtaka Antoinette kwa kweli, Antoinette anamtaka sajini kwa kweli, na mbuzi waliletwa mchana, mbele ya watu. Tena wamekwisha kugawanywa. Januari kwa mjomba, Februari na Machi kwa mashangazi, Septemba yuko Alimbongo.

Kisha akaacha kucheka.

"Ungesema siku ile ya kwanza, mon fils. Ungesema: vita imefunga njia yangu, mama yangu sijui kama anaishi. Basi! Mutu mwenye vita imemukatia watu wake, watu wa kilima banamupa baba. Hata siye, mababu yetu balikimbia, balipokelewa. Tungekupa baba siku ile ile."

Siku ile ile! Sikujua niangalie wapi. Niliangalia faili langu. Lilikuwa bado pale chini, karibu na mlango, na kuku amelalia.

Jumapili, 7 Februari

Nina baba!

Ni Mzee Vagheni, jirani wa ng'ambo ya kijito, wa ukoo mwingine kabisa. Kahawa kidogo, viazi vingi, meno manne. Tulikunywa kasiksi katika kibuyu kimoja. Aliniwekea mkono kichwani, akaniuliza jina la baba yangu aliyenizaa. Akalitamka, likamshinda, akalirudia polepole mpaka likamkaa vizuri mdomoni. Alisema ni lazima alijue, ili siku wakikutana huko wasisalimiane kama wageni. Moshi wa jikoni uliniingia machoni. Jiko lilikuwa mbali, lakini ulikuwa moshi.

Mbuzi atawatoa yeye, kama baba yeyote. Papa Mathe ameridhika. Padri ataanza kututangaza Jumapili ijayo: tarehe 14, 21, 28. Ndoa ni Jumanne, tarehe 2 Machi, siku moja kabla ya majivu! Xavier alinipa mkono, akaondoka akisukuma baiskeli. Gurudumu la nyuma lilikuwa halina upepo. Sikucheka sana.

Kikwazo kimoja tu. Mzee Vagheni ana wana watatu. Paluku na Kambale wameoa, wanakaa Kayna. Wa tatu, Esdras Kasereka, ana miaka ishirini na minne, na hana mke. Mimi nimeingia wa nne. Nimepewa jina la Kakule. Je, mdogo atapita mkubwa mlangoni? Nilimwuliza Kavira kando. Akasema Esdras yuko seminari, atakuwa padri, mlango huo hataupita milele. Wazee wamekwisha kulizungumza na kulimaliza. Akaniomba nisifanye kitu. Akarudia, akinishika kola: nisifanye kitu chochote. Nikae tu kwenye kiti mpaka Jumapili.

Beni, Jumanne, 9 Februari

Nimekaa tangu jana. Haiwezekani.

Seminari! Na Esdras akitoka je? Watu hutoka seminari kila mwaka, wengine kwa sababu ya chakula tu. Akitoka kabla ya tarehe 2, nitasimama wapi? Tena nyuma ya kichwa cha nani? Kavira ni mwuza viazi, na mwuza viazi hodari, lakini mambo ya daftari hayajui.

Leo saa tatu nikafungua daftari, ukurasa wa nyumba ya Mzee Vagheni. Dawa ni nyepesi, nashangaa kwamba sikuiona mapema. Mstari wa kwanza, chini ya baba, ni wa Paluku. Nimelikwangua jina lake kwa wembe, taratibu, karatasi haikutoboka, nikaandika langu. Sasa mimi ndiye mtoto wa kwanza. Hakuna mkubwa wa kunitangulia, awe padri au asiwe.

Nakala yenye mihuri minne imekwisha kuondoka na lori la saa nane. Padri ataipata kesho, aisome vizuri kabla ya kututangaza. Mengine ya mstari ule sikuyagusa, maana mimi si mtu wa kughushi ovyo. Yako kama yalivyokuwa, sasa mbele ya jina langu: mke mmoja, ndoa ya kanisa, 1951, watoto watano, Kayna. Vizuri zaidi. Nani tena atasema Kalala hana watu wake?